Mpwa wangu ni mtoto wa kiume pekee: Marekani watamchukua jeshini?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Dada yangu aliolewa na Mkongo, wakaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mpaka mume akafariki. Baadaye yeye na watoto wakapelekwa Marekani. Wa kiume ni mmoja tu, ana miaka 19. Wengine ni wasichana wawili, bado wadogo. Huyo kijana ndiye anayelipa kodi ya nyumba, na ndiye anayempeleka mama yake kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Juzi kaletewa barua ya kumtaka ajiandikishe mambo ya jeshi. Kanisani kwao wamemwambia mtoto wa kiume pekee haguswi, kwa hiyo asiijibu. Dada halali usingizi. Ni kweli haguswi? Mjomba wake, Kasulu.

JIBU: Shikamoo mzee. Picha ya barua uliyonitumia nimeikuza mpaka mikunjo ikaonekana. Hiyo karatasi imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Mwambie dada kwanza hili: hajaitwa mtu jeshini.

Barua imetoka Selective Service, idara ya serikali ya Marekani inayotunza orodha ya wanaume wa miaka 18 hadi 25. Kazi ya barua hiyo ni kumtaka aingize jina, basi. Marekani haijachukua kijana kwa lazima tangu mwaka 1973, vita ya Vietnam ilipokuwa ukingoni. Hata huko kujiandikisha kulisimamishwa mwaka 1975, kukarudishwa na Rais Jimmy Carter mwaka 1980 baada ya Wasovieti kuingia Afghanistan. Wakitaka kuanza tena kuita watu, lazima Bunge lao lipitishe sheria na rais aisaini, ndipo ichezwe bahati nasibu kwa tarehe za kuzaliwa.

Naelewa mlivyoshtuka. Kwetu, kijana wa kidato cha sita akiliona jina lake kwenye orodha ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) kwa mujibu wa sheria, siku hiyo hiyo anaanza kutafuta bukta na raba, halafu ni safari ya kambi ya Bulombora, Kanembwa au hapo kwenu Mtabila. (Mtabila hiyo hiyo iliyokuwa ya wakimbizi wa Burundi mpaka mwaka 2012.) Kwetu jina likitoka, umeitwa. Kwa Wamarekani jina linaweza kukaa kwenye orodha miaka yote hiyo mpaka mtu azeeke, asiitwe.

Sasa hilo la kanisani. Hadithi hiyo ina mzizi. Novemba 1942 ndugu watano wa familia ya Sullivan, kutoka mji wa Waterloo, Iowa, walikufa kwenye meli moja ya kivita, USS Juneau. Nchi nzima ililia. Lakini sheria ya kumlinda mtoto wa kiume aliyebaki ilikuja mwaka 1948, na inamlinda yule ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja amefia katika utumishi wa jeshi la Marekani. Baba wa mpwa wako, Mungu amrehemu, hakufa akiwa askari wa Marekani. Kuwa dume pekee nyumbani, au wa mwisho kubeba jina la ukoo, hakumwondoi mtu kwenye orodha, na siku Marekani ikiita watu, hakumkingi. Isitoshe, hata huyo anayelindwa hupoteza kinga hiyo Bunge likitangaza vita au hali ya hatari ya kitaifa.

Kinachoweza kumsaidia ni hicho ulichokitaja kama jambo la kupita: kodi ya nyumba na safari za figo. Lipo kundi linaloitwa 3-A, la mtu ambaye kuondoka kwake kungewatesa wanaomtegemea. Wanaohesabiwa ni mke, watoto, wazazi, mabibi na mababu, na ndugu. Mzazi si lazima awe aliyemzaa. Aliyemlea kama mzazi kwa miaka 5 au zaidi kabla hajatimiza 18 naye anaingia, jambo ambalo familia zetu za kulelewa na shangazi zingelifurahia. Tena utegemezi si hela tu. Bodi ya Selective Service ya eneo lake inaangalia afya ya mgonjwa na kazi anayoifanya kijana kumhudumia. Ila haitolewi kwa kuwa una mzazi au una mtoto tu. Zamani kuwa baba kulitosha, mpaka Rais Nixon alipokata msamaha huo Aprili 1970, ikabaki kwa wenye shida kubwa kweli kweli. Na wakikupa, wanaweza kuangalia upya hali ikibadilika.

Lakini hayo yote huombwa baada ya kuitwa, kabla ya siku ya kuripoti. Leo hakuna pa kuyaombea. Fomu ya kujiandikisha haina hata mstari wa kuandika habari za mama.

Kwa hiyo ajiandikishe, na asichelewe. Mkimbizi mwanaume aliyeingia Marekani akiwa kati ya miaka 18 na 25 hupewa siku 30, na aliyeingia akiwa mtoto hupewa siku 30 tangu afikishe 18. Mpwa wako keshapitisha, ila wanapokea waliochelewa mpaka siku wanapotimiza 26. Baada ya hapo mlango umefungwa. Kwa asiyejiandikisha, sheria inataja kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 250,000. Sijamwona aliyefungwa. Niliyemwona ni kijana wa Kibondo aliyeombwa maelezo siku ya usaili wa uraia, kwa nini hakujiandikisha. Alitupigia simu akitaka kiapo cha mjomba wake huku kwamba hakujua. Hicho kiapo tulikiandika mara tatu.

Ila kabla ya kujaza, aingie tovuti ya sss.gov na kuangalia kama jina lake tayari lipo. Wengi walioomba grini kadi wakiwa na miaka 18 hadi 25 huandikishwa kupitia maombi hayo hayo bila kujua, na barua kama hii inaweza kuwa imepishana na taarifa. Akikuta lipo, achapishe ukurasa. Akikuta halipo, ajaze hapo hapo. Ni bure, na yeyote atakayemwomba hela ya kumjazia ni mwizi. Akishahama makazi, na vijana wetu kule wanahama sana kufuata viwanda vya nyama, awape anwani mpya ndani ya siku 10.

Dada naye aanze kutunza karatasi za hospitali kwenye bahasha moja, zile zenye tarehe za kusafishwa figo na jina la anayemleta.