Jibu: Kuwafunza maafisa wa kliniki kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu
Hujambo, daktari. Umeuliza jinsi ya kuwafunza maafisa wa kliniki wa kituo chenu hapa Nairobi, ambao humshauri kila mgonjwa wa uchovu sugu azidishe mazoezi. Mimi huanza na swali moja la kumuuliza mgonjwa: ukijikaza leo, kesho au kesho kutwa huwaje? Anayezidiwa baada ya shughuli ndogo, asiyeburudishwa na usingizi, hali hiyo ikiwa imedumu miezi 6, ashukiwe kuwa na ugonjwa huu, ila kwanza apimwe upungufu wa damu, tezi ya thairoidi, kisukari, VVU na kifua kikuu. Mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua hayapendekezwi tena na mwongozo wa 2021 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu. Wafunze kumsaidia mgonjwa kugawa nguvu zake, na tafadhali wasimwite mvivu.