Gesi ya friji haiishi, Mama Mapacha

*Shangazi, shikamoo.*

*Naishi Umoja na mume wangu na watoto wetu wawili, mapacha. Jioni nauza samaki wa kukaanga getini, na majirani huja kununua maziwa lala, kwa hivyo friji kwangu ni kama jembe kwa mkulima. Hii tuliyo nayo aliinunua mama mkwe kule Nyamira mwaka 2010, kwa pesa za bonasi ya majani chai. Alipofariki tukaachiwa sisi. Tangu Machi inasumbua. Binamu ya mume wangu ni fundi, na amekuja mara tatu kuweka gesi, kila mara 2,500. Ya kwanza ilidumu miezi miwili, ya pili wiki tano, ya tatu hata wiki mbili haikufika. Sasa mota inanguruma usiku na mchana bila kupumzika, barafu inashika kona moja tu ya friza, na tokeni za stima hazikai. Wiki jana nimemwaga lita kumi na mbili za maziwa. Shemeji anasema tatizo sasa ni kompresa, tutafute 11,000.*

*Mjini nimeona mpya ya milango miwili kwa 38,000. Duka jingine wanakupa ya aina hiyo hiyo ukitanguliza 5,000, halafu unalipa 140 kila siku kwa mwaka mzima. Zamu yangu ya chama ni Novemba, nitapata 30,000. Lakini nikitaja friji mpya Baba Mapacha ananuna. Anasema kitu cha mama hakitupwi, na kwamba namdharau ndugu yake. Mimi mambo ya gesi siyajui, kazi yangu ni kubandua barafu kwa kisu ikijaa nipate nafasi ya samaki. Nishauri.*

*Mama Mapacha, Umoja*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa maziwa. Lita kumi na mbili si mchezo, na najua hukuyamwaga mchana majirani wakiona.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilidhani ni ya ndoa. Mara ya pili nikafika kwenye kisu, nikaweka kikombe cha chai chini. Kisu tutakirudia. Kwanza hiyo gesi.

Gesi ya friji si kama ya meko. Ya meko unaichoma, ndiyo maana mtungi wako wa kilo sita unakwisha. Ya friji haichomwi. Imefungiwa ndani ya mabomba na inazunguka humo humo: kompresa inaisukuma, inamwaga joto kwenye ule wavu wa nyuma, inaingia kwenye friza ikiwa baridi, inanyonya joto la samaki wako, kisha inarudi kwa kompresa kuanza tena. Friji ikiwa nzima, gesi iliyotoka nayo kiwandani ndiyo inayozeeka nayo. Ya mama mkwe ilikaa na gesi yake tangu 2010 hadi Machi. Halafu ikaisha mara tatu kati ya Machi na leo? Haiishi, mama, inatoroka. Kuna tundu, na kila 2,500 uliyotoa imepitia tundu hilo hilo. Hizo ni 7,500, robo ya chama chako, zimekwenda hewani.

Tazama pia jinsi muda unavyopungua: miezi miwili, wiki tano, chini ya wiki mbili. Tundu linapanuka. Na barafu kushika kona moja tu ndiyo dalili yenyewe, kwa sababu gesi iliyobaki ni kidogo, inapoza pale inapoingilia tu na sehemu nyingine ya friza inabaki na uvuguvugu. Mota hainyamazi kwa kuwa haifikii ule ubaridi unaoiambia pumzika.

Basi hapa ndipo ninapotofautiana na shemeji. Huenda kompresa imechoka kweli, maana kuhangaika kutwa kucha kunaichosha. Lakini tuseme umeleta hizo 11,000 na amefunga kompresa mpya kabisa. Itasukuma gesi ile ile kwenye mabomba yale yale yenye tundu lile lile. Baada ya wiki mbili utaniandikia tena, na mimi nitakuwa sina jipya la kukuambia.

Kwa hivyo kabla ya kutoa hata shilingi, muulize swali moja. Uliulize kwa heshima, chai ikiwa mezani, na mume wako akiwepo: “Shemeji, ile gesi ya mara ya mwisho ilitorokea wapi?” Usiongeze neno. Fundi anayejua kazi yake hatakasirika. Atajaza mabomba gesi ya naitrojeni kwa shinikizo, apake povu la sabuni kwenye viungo na kwenye kuta za friza, atazame linapotoa mapovu. Ni kazi ya muda mfupi. Akisema haina haja, tuongeze tu kidogo, utakuwa umejibiwa, na mume wako atakuwa amesikia kwa masikio yake. Hutalazimika kumdharau mtu.

Povu likitoka kwenye mabomba ya nje, kule nyuma karibu na kompresa, friji ya mama bado ina maisha. Achomelee hapo, abadilishe kile kijichupa cha shaba kinachochuja unyevu, avute hewa yote kwa pampu, ndipo aweke gesi kwa kipimo cha mizani kama ilivyoandikwa kwenye kibandiko cha nyuma. Kipimo cha “naona imetosha” ndicho kilichotufikisha hapa. Na asome ni gesi gani, maana hazichanganywi. Ikiwa kibandiko kinasema R600a, hiyo inashika moto. Fungueni madirisha, mapacha waende kwa jirani, na mtu asiwashe meko mpaka kazi iishe.

Povu likitoka ndani ya friza, au lisionekane popote na gesi bado inapotea (maana kuna mabomba yamefichwa ndani ya kuta za friji), basi imetosha. Friza nyingi za aina hiyo ni bati la alumini lenye vijia vya gesi vilivyopita humo ndani. Gundi huziba kwa muda, kuchomelea kunataka mkono mwepesi kweli kweli, na kubadilisha friza nzima kwenye friji ya 2010 ni kuishonea suruali kuukuu mfuko mpya. Mizani yangu ni hii: friji ikishapita miaka kumi na matengenezo yakikaribia nusu ya bei ya mpya, naacha. Wewe ukijumlisha 7,500 zilizokwenda na 11,000 zinazotakiwa unapata 18,500. Nusu ya 38,000 ni 19,000. Umefika mlangoni.

Sasa kisu.

Ulikitaja kama mtu anayetaja hali ya hewa. Mwanangu, vile vijia vya gesi viko nyuma ya bati jembamba, na ncha ya kisu haiulizi njia. Huenda si wewe. Kutu na chumvi ya samaki kwa miaka yote hiyo vinaweza kutoboa vyenyewe. Lakini jaribu kukumbuka Machi: siku moja ukibandua, hukusikia kitu kikitoa *fsss*, kama tairi la baiskeli? Mimi nakuuliza kwa sababu nililisikia. Nilikuwa Buruburu, kijana kama wewe, nikitumia bisibisi. Mume wangu aliporudi nikamwambia stima ilipotea ikarudi kwa nguvu, ndiyo imeua friji. Aliamini, Mungu amrehemu, na kwa miaka mingi kila taa zikipepesa alikuwa anakimbia kuchomoa vitu ukutani huku mimi nikiangalia pembeni.

Barafu huondolewa hivi: zima friji, weka sufuria ya maji moto ndani ya friza, funga mlango, nenda kaoshe vyombo. Ukirudi baada ya nusu saa itakuwa inaanguka vipande yenyewe.

Tuje kwenye pesa. Ya kulipa kidogo kidogo, usiiguse. Piga hesabu: 140 kwa siku 365 ni 51,100, ongeza 5,000 za kutanguliza, unapata 56,100. Unalipa 18,100 zaidi kwa friji ile ile. Najua 140 inaonekana ni bei ya samaki mmoja mdogo, na ndivyo wanavyotaka uione.

Badala yake nenda kwa wenzako wa chama uombe kubadilishana zamu. Mwenye zamu ya mwezi huu huenda hana haraka, na wewe biashara imesimama, sababu inaeleweka. Hapo utakuwa na 30,000. Zilizopungua ni 8,000. Na sasa mkumbushe Baba Mapacha, kwa upole, kwamba zile 11,000 za kompresa zilikuwa zinatafutwa. Hizo hizo zikija, zinajaza pengo na zinabaki 3,000 za usafiri na za kile kidude cha kuchomeka ukutani kinachoisubirisha friji dakika chache stima ikirudi. Kiweke. Mimi nilisema uongo, lakini stima inayorudi kwa kishindo huua friji kweli.

Ukienda maduka ya barabara ya Luthuli mjini au popote, tazama ile lebo ya nyota za EPRA, mamlaka ya nishati. Nyota zikiwa nyingi inakula stima kidogo. Kwako hili ni kubwa. Tuseme kompresa yako ni ya wati 120. Friji yenye afya hufanya kazi labda saa nane kwa siku, karibu yuniti moja. Yako isiyozima inakula karibu tatu. Kwa mwezi ni yuniti 58 zaidi. Chukua ujumbe wako wa mwisho wa tokeni, gawa pesa kwa yuniti ulizopewa, zidisha kwa 58, umwoneshe mume wako karatasi. Wanaume wengi hawasikii sauti ya mota, lakini karatasi wanaisoma. Ukiweza kuongeza kidogo upate ile isiyoshika barafu, nitalala usingizi nikijua kisu kimebaki jikoni. Za mitumba kutoka Uingereza sizikatazi, ila usinunue iliyowashwa dakika kumi mbele yako. Mwambie muuzaji aiwashe asubuhi na kikombe cha maji ndani ya friza, urudi jioni uone kama yameganda.

Mpaka hapo, samaki wasilale humo. Friji ikizidi nyuzi 5 samaki wanaharibika kabla hawajanuka, na wewe unalisha watu wa geti zima. Nunua wa kuisha siku hiyo, uwaweke kwenye kasha la barafu. Maziwa punguza.

(Wengine mnaosoma na friji zenu hazipozi: msikimbilie kununua. Pangusa vumbi kwenye wavu wa nyuma, uisogeze kidogo kutoka ukutani. Halafu bana noti kwenye mlango uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka, na mpira ni bei ndogo.)

Limebaki la mama mkwe. Mume wako hasemi juu ya friji, anasema juu ya mama yake. Mama aliyechuma majani chai mwaka mzima, bonasi ikaja, na badala ya kujinunulia leso akanunua friji. Usimwambie ni chuma kibovu. Mwambie hamtaitupa. Friji iliyokufa ni kabati nzuri sana la unga na mchele, panya wa Umoja hawawezi kuitoboa. Ila kwa sababu ya mapacha, kitasa na ule mpira wa sumaku vitoke, mlango ubaki wa kuegeshwa tu, maana mtoto akijifungia humo hewa haiingii. Kompresa ya zamani mpeni shemeji. Ikiwa bado inanguruma kutwa nzima, basi ni spea kwa fundi, na atatoka kwenu na kitu mkononi badala ya lawama. Friji mpya ikija, yeye ndiye aitwe kuiweka.

Na ile habari ya Machi, kama ulisikia *fsss*, mwambie mume wako usiku kabla shemeji hajaja na povu lake. Usingoje povu limwambie kwanza.

Shangazi