Ticha Nisaidie: Niliomba likizo, bosi akajua naacha kazi

SWALI: Shikamoo ticha. Mi nipo mapokezi kwenye hoteli moja hapa Moshi, mwezi uliopita nikamtumia bosi wetu mzungu meseji "I am going to leave on Monday", nikijua namkumbusha likizo yangu inaanza Jumatatu, akanipigia usiku uleule anauliza nani kanikosea hadi naacha kazi. Kosa langu nini, si "going to" ndo kwenda? Alafu kuna mgeni nilimuuliza "How long are you here for?" akasema "ten days", nacheki kwenye kompyuta kaingia jana tu! Alinidanganya?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, ila nimecheka.

"Going to" ikifuatwa na mahali ni kwenda kweli, "going to Dodoma". Ikifuatwa na kitendo mara nyingi inageuka "nita-", basi hapo ulimwambia bosi nitaondoka, na mfanyakazi akisema anaondoka mwajiri ataelewaje? Likizo inataka "on": "I'm going on leave". Na sheria ya ajira ya 2004 hapa kwetu inakupa siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo hiyo "on" utaihitaji tena. Ndo hivohivo "go on a trip", "go on holiday", Mmarekani yeye atasema "on vacation". Kuna na "on safari", hilo neno wamelitoa kwetu ila wao wakilisema wanawaza mbuga na wanyama, sasa wewe unaenda Singida kwenye msiba wa mjomba ukisema "I'm going on safari" mtu atakuuliza umeona simba wangapi.

Vile vitu vya kutoka kidogo na kurudi vinachukua "for": "go for lunch", "go for a swim", "go for a walk". Angalia hapo, "I'm going for a walk" ni naenda kunyoosha miguu, lakini "I'm going to walk" ni ntaenda kwa mguu, bodaboda sitaki. Na "go to shopping" naisikia kila siku mpaka kwa watu wa ofisini, ni "go shopping" basi, kama "go fishing". "Home" nayo haitaki "to", "go home".

Ile "the" pia ina mambo. "He went to prison" kafungwa huyo, "he went to the prison" labda kapeleka chakula tu. Hospitali Waingereza wanatofautisha hivohivo, Wamarekani wanaweka "the" hata kwa mgonjwa.

Mgeni wako hakudanganya bana. "I'm here for ten days" anahesabu ziara yote, kuanzia alipofika hadi atakapoondoka. Zile ambazo tayari keshakaa angesema "I've been here for ten days", kwa hiyo ukitaka hizo uliza "How long have you been here?" Kwa kazi yako ya mapokezi hii ishike kuliko zote, maana unaweza kumuandalia mtu bili ya kuondoka na ndo kwanza anafungua begi.

Likizo ijayo bosi mwandikie hivi: "I'm going on leave on Monday. I'll be away for two weeks." Usiongeze kitu.