Kilima kifupi kinatosha kwa kuanzia

Ndugu, umeuliza kama kuna maana ya kumpeleka mwanao wa miaka minane kujifunza skii, yaani kuteleza kwenye theluji kwa mbao mbili miguuni, Buck Hill, karibu na Minneapolis, Marekani, ilhali kilima chenyewe hakifikishi mita 100 toka chini hadi juu, au usubiri mpate nauli ya kwenda kwenye milima mikubwa ya Colorado. Mpeleke hapo hapo. Lindsey Vonn, mwanaskii Mmarekani aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 2010, alilelewa kimchezo kwenye mteremko huo na kocha Erich Sailer. Kwa kuwa mteremko ni mfupi na kamba ya mashine inayovuta watu kupanda humrudisha mtoto juu upesi, hurudia kona ileile mara nyingi kwa jioni moja, wakati kwenye mlima mkubwa muda mwingi huishia kwenye viti vya kuning'inia vinavyopandisha watu mlimani.

Vifaa kodisha, usinunue, kwani miguu ya watoto hukua haraka; kofia ngumu ni lazima. Akipenda ubao mmoja badala ya skii mbili, mwache, ingawa siku za mwanzo ataanguka mno na makalio, samahani, yatamuuma, hasa usiku, theluji iliyotengenezwa kwa mashine inapokuwa ngumu kama sakafu.