Beseni moja mlangoni

SWALI: Shikamoo nesi. Nauza wali na ugali Buguruni, Dar es Salaam. Wateja wote wananawa kwenye beseni moja mlangoni, na kila asubuhi natia humo kifuniko kimoja cha dawa ya maji. Bwana afya kapita, kasema niliondoe. Dawa haitoshi? Halafu msaidizi wangu tumbo likimsumbua humeza Flagyl moja, anaendelea kusonga ugali. Kuna ubaya?
Mama Lishe

JIBU: Marahaba mwanangu. Bwana afya kasema kweli, hata kama kasema kwa ukali. Mteja wa kwanza ananawa mikono yake. Wa pili ananawa yake na ya mwenzake. Ikifika saa saba mchana, mafuta na uchafu vimeshaimaliza ile klorini iliyomo kwenye dawa yako, na mtu anachovya vidole kwenye mchuzi wa wenzake. Maji ya kunawa yatiririke. Weka ndoo yenye koki, chini yake nyingine ya kupokea maji machafu. Hela ya koki ikikosekana, toboa dumu la lita 5 kwa msumari wa moto, ufunge kamba ya kukanyagia: hicho ndicho kibuyu chirizi. Sabuni iwepo, maana ndiyo inayong'oa vijidudu pamoja na mafuta ya mikono. Vitakasa mikono vya kupaka havifui dafu mbele ya norovirusi, virusi vya kuharisha na kutapika. Na kile kitaulo cha wote kiondoe, mikono itakauka kwa upepo.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza hapa Dar Agosti 2015 ulinikuta kazini. Mgonjwa mmoja aliniapia hajala nje wiki nzima. Kesho yake, dripu mkononi, akakumbuka: "Ila kachumbari nilionja." Yako unaiosha kwa maji gani?

Msaidizi asisonge ugali. Flagyl haiui virusi, na kipindupindu hakitibiwi nayo. Akae nyumbani mpaka zipite saa 48 tangu kuharisha kukome. Najua kibarua asiyefika halipwi, ndiyo maana anameza kidonge na kuja. Mpe japo nusu ya posho. Akianza kuharisha kama maji ya mchele, usingoje kesho: koroga pakiti ya ORS kwenye lita 1 ya maji safi, anywe mkiwa njiani kwenda kituo cha afya. Sufuria alizoshika zisuguliwe upya.