Taa ya kusimama kwa taruma la jahazi: chumvi, uzito, waya na mwanga

Mkuu, umeuliza mambo matatu: taa uliyoiunda kwa taruma (ubavu wa mbao uliopinda) la jahazi kuukuu inayumba, mbao inatoa unga mweupe hata baada ya vanishi, na mwanga unamchoma macho aliyekaa kochini. Kuyumba na mwanga vina mzizi mmoja. Umbo limemalizwa kwanza, ndipo uzito na umeme vikatafutiwa nafasi. Kwenye taa ya sanaa vitu hivyo viwili ndivyo vinavyoamua umbo, kwa hiyo itabidi uifungue yote uanze upya.

Unga mweupe ni chumvi. Taruma lililokaa baharini miaka mingi limeinywa hadi ndani, na chumvi huvuta unyevu wa hewani, kisha hukauka na kuisukuma vanishi kutoka chini mpaka ibanduke. Kwangua vanishi na rangi ya zamani kwa mkono, mbao ikiwa imeloweshwa, wala usipige msasa mkavu: rangi za zamani za vyombo huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu. Lizamishe taruma kwenye pipa la maji baridi, ukibadilisha maji kila baada ya siku mbili tatu. Kujua kama chumvi imekwisha, chukua kijiko cha maji ya pipa, kiache kikauke juu ya sahani nyeusi. Kikiacha utando mweupe kuliko maji ya bomba yenyewe, endelea. Kisha likaushe kivulini, ncha zimepakwa nta ili lisipasuke, ukilipima kila wiki kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, limekauka.

Kabla ya patasi au msumeno kugusa, pitisha sumaku kila mahali. Misumari ya jahazi hupigwa ikapenya, ncha ikakunjwa kwa ndani. Inyooshe ncha kwanza, uirudishe nyuma kwa nyundo na chuma chembamba, maana ukikivuta kichwa hukatika na shina hubaki ndani. Matundu na madoa meusi ya kutu yaache, ndiyo historia ya chombo, na hakuna msasa utakaokupa uzuri wa namna hiyo. Skrubu mpya ziwe za shaba au chuma kisichoshika kutu. Ufa unaoendelea kutembea uufunge kwa kipepeo, yaani kipande cha mbao ngumu chenye umbo la kipepeo kinachopachikwa juu ya ufa, nyuzi zake zikikatisha ufa, kina chake theluthi hadi nusu ya unene. George Nakashima, fundi wa samani wa Marekani, aliacha vipepeo hivyo vionekane wazi mezani, na taa yako haina sababu ya kuvificha.

Sasa kuyumba. Taruma limepinda, kwa hiyo kitovu cha uzito wake hakiko juu ya mguu kama macho yanavyodhani. Lining'inize kwa kamba, holda na kofia ya taa vikiwa mahali pake, shusha timazi (uzi wenye kizito mwishoni) kutoka pale pale kamba ilipofungwa, chora mstari. Rudia ukilishika sehemu nyingine. Mistari inapokatana ndipo uzito ulipo, na kwa mbao iliyopinda huenda ni hewani nje ya mbao, basi bandika kadibodi ubavuni uchore hapo. Ukilisimamisha, nukta hiyo iangukie katikati ya kitako, hata kama mguu wenyewe utakaa pembeni. Kwa taa ya mita 1.5 anza na bamba la chuma la sentimita 40 kwa 40, unene milimita 6, ambalo lina kama kilo 7.5. La milimita 10 linafika kilo 12.5. Lijaribu: simamisha taa juu ya ubao wa mita 1 ulioinuliwa upande mmoja sentimita 10.5, yaani mwinamo wa nyuzi 6, ukiizungusha pande zote. Ikianguka upande wowote, ongeza bamba na si matumaini.

Waya. Tundu refu halitobolewi kwenye mbao iliyopinda, keekee itatokea ubavuni. Chimba mfereji mgongoni, upana milimita 10 na kina 12, uufunike kwa kipande chembamba cha mbao kilichofungwa kwa skrubu. Usitie gundi, kwa sababu siku moja waya utabadilishwa. Kitako ni cha chuma, hivyo tumia waya wa nyuzi tatu wa milimita 0.75 za mraba, na ule wa kijani na njano, wa ardhi (earth), ufungwe kwenye bamba kwa nati na washa yenye meno. Wa kahawia, ulio na umeme, upite kwenye swichi, kisha uende kwenye ncha ya katikati ya holda ya skrubu. Wa buluu uende kwenye ganda la holda lenye nyuzi za skrubu. Ukigeuza, anayebadilisha balbu anaweza kushika umeme. Waya ubanwe unapoingia kwenye kitako, ukivutwa usichomoke.

Halafu fyuzi, ambayo wengi huisahau: plagi nyingi huja na ya ampea 13, na waya huo hubeba kama 6 tu. Waya utaungua fyuzi ikiwa nzima. Weka ya ampea 3, ambayo kwa volti 230 ni karibu wati 690, ilhali balbu ya LED ni wati 9.

Macho yanachomwa kwa sababu balbu inaonekana. Jicho la mtu aliyekaa kochini liko kama sentimita 110 kutoka sakafuni, kwa hiyo ukingo wa chini wa kofia uwe hapo au chini kidogo, na balbu iwe juu zaidi ndani. Chagua mwanga wa kelvini 2700 (kipimo cha rangi ya mwanga), wenye unjano. Ule mweupe wa dukani huifanya mbao ionekane ya kijivu. Kofia iwe wazi juu na chini: LED nayo hupata joto, na ikifungiwa saketi yake hufa mapema.

Badala ya vanishi paka mafuta ya mbegu za kitani, tabaka jembamba, ufute yanayobaki. Matambara uliyofutia yatandaze nje yakauke, usiyarundike, kwani mafuta hayo hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwasha karakana usiku.