Rozela kwa mwenye presha: anywe, ila vidonge asiache

Mkuu umeuliza kama mama ako mwenye presha anaweza akaacha vidonge abaki na rozela tu (yale maua mekundu ya kuchemsha kama chai), maana muuzaji kawaambia muache dawa za hospitali. Hapana, anywe vyote viwili.

Mimi niko Arusha, mama mkwe wangu ana presha na rozela kwetu haikosekani, tunachukua ile kavu soko la Kilombero, chagua iliyokolea wekundu, ukiona imefifia ina vumbi achana nayo. Chemsha maji, epua, tupia konzi moja, funika mpaka yawe mekundu kabisa ndo uchuje. Ina uchachu balaa, na hapo ndo wengi wanaharibu maana wanajaza sukari, sasa mtu ana presha na kisukari kinamnyemelea umemsaidia nini? Mama mkwe anatia tangawizi na mdalasini basi, mwanzoni alikuwa anakunja uso, saivi kazoea.

Kwamba inashusha presha sio maneno ya wauzaji tu, kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2010, watu walikunywa vikombe 3 kwa siku kwa wiki 6 na ile namba ya juu ya presha ikashuka kama pointi 7 hivi. Ila wale presha zao zilikuwa zimepanda kidogo tu na hawakuwa kwenye dawa. Piga hesabu mwenyewe, mama akiwa na 170 ukitoa 7 bado yuko 163, kiharusi kiko palepale.

Na huyo muuzaji anayewaambia muache dawa za hospitali mimi simuelewi kabisa. Sisi wa huku tunaikumbuka 2011, kikombe cha Babu wa Loliondo, yule mchungaji aliyekuwa anagawa dawa ya mitishamba ikisemwa inaponya magonjwa sugu, sh 500 tu, foleni ya magari haina mwisho, na kuna watu walirudi wakatupa ARV zao (dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI) wakijua wamepona.

Kliniki mwambie daktari kabisa kwamba anakunywa rozela, maana ikikutana na vidonge presha inaweza kushuka kupita kiasi akaanza kizunguzungu. Kama mnacho kipimo nyumbani mpimeni mara kwa mara muandike kwenye daftari, aende nalo.

Kama kuna mjamzito hapo kwenu rozela msimpe, kichefuchefu kikimsumbua tangawizi kidogo inasaidia kweli.